Siku Aliyokufa Danieli

Mbeya, 17 Januari 1954

Damari, mwana wa dada yangu,

Ukiipokea barua hii ujue imeandikwa na mtu ambaye bila yeye boma zima la Mbeya lisingejua jana ilikuwa siku gani. Sijisifu, nasema yaliyopo. Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, akitaka kujua kama tarehe fulani ya zamani ilikuwa Jumanne au Alhamisi, hasumbuki kupiga simu Dar es Salaam. Anasema, "Mwiteni Asukile." Naingia, navua kofia, natazama dari kidogo, namwambia. Sasa wananiita Bwana Siku. Hata wafungwa wanaofyeka majani pale nje wananisalimia kwa jina hilo.

Mugonile nyote hapo Iringa? Sisi tu wazima. Mke wangu Esta kikohozi kimepungua. Viazi vimekubali. Chui alichukua kuku wetu mmoja, nikamkimbiza kwa fimbo mpaka mlimani, nusura nimshike mkia. Muulize Esta, ingawa yeye atasema alikuwa paka.

Sasa lililonishikisha kalamu. Saulo, dereva wa lori, alipita kwangu Ijumaa. Akasema Yotamu amerudi kutoka Joni, kule migodi ya Afrika Kusini, na kwamba ameleta habari ya mdogo wako Danieli. Nikamwambia, "Saulo, wewe ni mwongo tangu tukiwa watoto." Alivua kofia. Hapo nikajua.

Damari, yule mtoto nilimbeba mgongoni mwenyewe kutoka Rungwe, alipokuwa na surua, na mvua inanyesha, sikupumzika hata mara moja. Miaka miwili tumemngoja aandike, kumbe tunamngoja mtu aliyekwisha kuzikwa.

Saulo anasema dada yangu Marta hali chakula, na neno analouliza ni moja tu: alikufa siku gani. Anasema tarehe mnayo, siku hamna. Mbona hamkunikumbuka mimi? Nina kanuni. Unanipa tarehe, mwezi na mwaka, nakupa siku, haijapata kukosea. Kule Burma vitani tulikaa msituni mpaka jenerali Mwingereza akapoteza hesabu ya siku. Nikamwambia, "Leo Alhamisi, bwana." Akanishika mkono, vita vikaendelea.

Watu wengine hupeleka unga msibani. Mimi nitaleta siku. Niletee tarehe.

Mimi mjomba wako,
Asukile


Iringa, 2 Februari 1954

Mjomba Asukile,

Shikamoo. Barua yako ilifika na Saulo mwenyewe, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nashukuru kusikia Mama Mdogo Esta anapata nafuu. Baba hajambo, mguu ndio unaomsumbua wakati wa mvua. Mimi bado nafundisha darasa la kwanza, watoto sitini na wawili, na vitabu vya kusomea kumi na moja.

Mama hajambo kwa mwili. Naandika hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia niandike hivyo.

Mjomba, nitakueleza mambo yote, maana usipojua linalongoja jibu lako utajibu kwa mchezo. Yotamu alituletea Biblia ya Danieli. Ndani ya jalada karani wa hospitali ya mgodi ameandika jina na tarehe aliyokufa: 26 Januari 1952. Mwamba ulimwangukia. Yotamu alikuwa shimo jingine, na siku yenyewe haikumbuki. Anasema chini kule hakuna Jumatatu wala Jumapili, kuna zamu ya kuingia na zamu ya kutoka.

Mama aliposikia "Januari" alikaa chini. Mwezi ule, mwaka ule, Jumapili moja baada ya ibada, wanawake wa kanisani walimzunguka pale nje. Mmoja akamwuliza, "Mama Danieli, mwanao ameandika?" Wewe unajua alivyoondoka, hakuaga, alimwachia Mama jembe katikati ya shamba. Mama akajibu mbele yao wote, "Danieli ni maiti. Msiniulize habari za maiti." Nilikuwapo. Nilisikia.

Unajua vizuri kuliko mimi desturi ya kwenu Rungwe, mzazi akitamka neno la hasira. Anatakiwa achukue maji mdomoni ayapulize chini, neno lipoe. Mama hakupuliza. Alisema yeye ni Mkristo, na mtoto akirudi watapatana kwa sala. Sasa anasema neno lile halikupoa, lilisafiri. Jumapili gani ya Januari hakumbuki, anakumbuka tu ilikuwa Jumapili na mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Kwa hiyo amejiwekea sharti. Kama Danieli alikufa Jumapili, basi yeye ndiye aliyemuua. Kama ni siku nyingine yoyote, atakula, atarudi kwenye Meza ya Bwana, atalia kama mama wengine wanavyolia.

Kalenda ya mwaka ule hatuna. Mama alinifunikia vitabu kwa karatasi zake, na vitabu vyenyewe vimekwisha. Mchungaji wa wakati ule alihama na daftari zake. Nimemwandikia, hajajibu.

Mjomba, kama unaijua kanuni, tufanyie. Na kama huijui vizuri, niambie mimi peke yangu kwamba huijui. Sitamwambia mtu. Tutamngoja mchungaji.

Mwanao,
Damari


Mbeya, 14 Februari 1954

Damari mwanangu,

Habari za siku nyingi, habari za baba na mguu wake. Mwambie ajipake mafuta ya nguruwe mwitu, mimi nilimponya nayo askari polisi aliyekuwa hatembei mwaka mzima, sasa anakimbiza wezi. Huku mvua ni ile ile. Daraja dogo la kwenda sokoni limeondoka, tunavuka kwa gogo.

Umeniuliza kama naijua kanuni. Sikukasirika. Lakini mtu haulizwi hivyo na mtoto aliyemnunulia sleti ya kwanza ya kuandikia.

Nakuandikia kila kitu ili baba yako asiseme nimebuni. Unachukua tarakimu mbili za mwisho za mwaka, ndiyo 52. Unaongeza robo yake, ndiyo 13. Kisha kila mwezi una namba yake, nami naziimba kama wimbo: moja-nne-nne, sifuri-mbili-tano, sifuri-tatu-sita, moja-nne-sita. Januari ni moja. Unaongeza tarehe, 26. Jumla 92. Hapo unaondoa saba saba mpaka zisitoke tena, unaangalia kilichobaki. Kikibaki moja ni Jumapili, mbili Jumatatu, hivyo hivyo mpaka sita Ijumaa. Kisipobaki kitu ni Jumamosi.

Katika 92 saba zinatoka mara kumi na tatu, ndiyo 91. Inabaki moja.

Damari, nimeifanya mara nne. Mara ya kwanza nikiwa kazini. Nikasema labda kelele za ofisini. Nikaifanya nyumbani, nikaifanya tena kanisani nyuma ya kitabu cha nyimbo, Mungu anisamehe. Ya nne nimeifanya sasa hivi. Moja ni ile ile inanitazama.

Jumapili.

Esta amesoma begani kwangu akasema, "Andika Jumanne." Nikamwambia, "Mwanamke, unataka nidanganye hesabu?" Akasema, "Umedanganya vitu vikubwa kuliko hesabu." Leo hanipikii. Lakini mimi nina jina hapa. Nikiandika Jumanne leo, kesho mtu atapiga hesabu aone siyo, nitakuwa nani? Kanuni hii niliipata kwa kapteni mmoja wa kule Burma, msomi mkubwa, na haijapata kukosea mbele ya mtu.

Wewe ndiye uliye karibu naye. Kumwambia au kutomwambia, amua wewe. Mwambie pia Jumapili ni siku ya Bwana, mtu akifa siku hiyo hapangi foleni mbinguni.

Mimi mjomba wako,
Asukile


Iringa, 7 Machi 1954

Mjomba,

Shikamoo, na salamu kwa Mama Mdogo. Mshukuru kwa niaba yangu. Atajua kwa lipi.

Sikupata nafasi ya kuamua. Saulo alimkabidhi Mama barua mkononi, na Mama anasoma. Niliporudi shuleni nilimkuta amekaa jikoni, barua ameilaza juu ya kinu. Akaniambia, "Soma."

"Mama, umeshasoma."

"Soma ile hesabu."

Nikasoma. Akaenda kuchota punje za mahindi, akahesabu tisini na mbili, akazipanga saba saba sakafuni mpaka mlangoni. Ikabaki moja. Aliitazama, akaiokota, akaifunga kwenye pindo la nguo yake. Nyingine akawarushia kuku.

Baba aliingia akiwa na hasira. "Shemeji Asukile? Yule aliyeniambia amefuga kiboko na anampanda kwenda mjini? Leo huyo ndiye wa kumhukumu mke wangu?"

Mama akamjibu taratibu, "Asukile ni mwongo wa maneno. Hizi ni namba."

Tangu siku ile anapika, anatupakulia, na sahani yake anaifunika. Jumapili anakuja nasi mpaka mlango wa kanisa, haingii. Anakaa nje pale pale alipolisema lile neno. Wanawake wenzake wanamwita, "Mama Danieli, jua kali hilo, ingia." Anawajibu, "Nimezoea."

Juzi alfajiri nilimwona njia panda, barabara inapoelekea Mbeya. Alikuwa na kikombe. Akaweka maji mdomoni akayapuliza kusini, mara tatu. Alipogeuka akaniona. "Hayafiki," akaniambia. "Joni ni mbali, na maji haya yamechelewa."

Mjomba, nami nimeijaribu kanuni yako. Nilitaka ikosee. Nilichukua siku niliyoanza kufundisha, 12 Januari mwaka jana. Ikatoa Jumatatu, na kweli ilikuwa Jumatatu. Nikachukua Krismasi iliyopita. Ijumaa, kweli. Nikachukua leo yenyewe. Jumapili. Sijui nijaribu ipi tena.

Lakini mwalimu mmoja mwenzangu aliitazama akasema, "Hii ni yote? Kuna mahali nilisikia ina kipande kingine, ila sikumbuki." Ndiyo nakuuliza: ina kipande kingine? Muulize huyo kapteni kama bado mnaandikiana. Na kama unaweza, njoo. Mama hanisikilizi mimi, baba anafoka tu. Wewe ni mdogo wake, alikulea.

Mwanao,
Damari


Mbeya, 25 Aprili 1954

Damari,

Pasaka imepita salama, natumaini na huko. Esta hajambo. Viazi tumechimba.

Nimechelewa kujibu kwa sababu Serikali ilinituma Chimala kwa shughuli kubwa, siwezi kuieleza kwenye karatasi. Pale Chimala hata ofisa wa bonde la mpunga alinipisha kwenye kiti. Nimewaletea mchele wa huko, gunia dogo, Saulo anao. Mpikie mama yako ule laini, mwambie umetoka kwangu na asipoula nitakuja kumlisha kwa mkono.

Nitakuja, lakini siyo sasa. Kazi ni nyingi, bila mimi mambo yatasimama.

Hayo ya siku tuyaache. Siku ni siku. Wazungu wenyewe na kalenda zao wanakosea. Mwambie Marta aache kuhesabu, ale. Mwambie nimesema mimi.

Asukile


Iringa, 30 Mei 1954

Mjomba,

Shikamoo. Baba anakusalimu, ingawa siyo kwa maneno ninayoweza kuandika. Baridi imeanza, watoto wanakuja shuleni wamejifunika magunia.

Mchele ulifika. Mama aliushika mkononi akasema, "Mzuri, hauna mawe." Akawapa majirani.

Sasa haendi tena mpaka kanisani. Haendi hata mtoni. Mganga wa hospitali alimpima akasema hakuna ugonjwa anaouona, alishwe tu. Unamlishaje mtu mzima anayekutazama kwa upole na kufunga mdomo? Mkono wake naweza kuuzungushia vidole viwili.

Barua yako ya Aprili nimeisoma mara nyingi. Wewe hujawahi kuniandikia ukurasa mmoja tu. Hukuweka chui, hukuweka jenerali. Nilikuuliza swali moja, kama kanuni ina kipande kingine, na hukujibu. Badala yake unasema kalenda zinakosea. Kalenda gani, mjomba? Umeona kalenda?

Mama naye ameona kitu. Aliniambia, "Asukile ameandika kama mtu anayejificha nyuma ya mlango." Na kila Saulo akipita anainua kichwa. "Kuna barua ya Mbeya?" Namwambia bado. "Mwenye jambo la kusema huchelewa," anasema, kisha analala tena.

Kwa hiyo bado anangoja. Nakuomba ulielewe hilo. Mtu aliyekwisha kukata shauri hangoji barua.

Kama lipo la kusema, liandike hata kwenye kipande cha gazeti. Mchungaji hajajibu.

Damari


Iringa, 26 Juni 1954

Mjomba Asukile,

Simu ya maandishi tuliyokupelekea najua ulipata, maana karani wa posta alituonyesha alama kwamba imepokelewa.

Mama alifariki Jumatano tarehe ishirini na tatu, jua likiwa limechomoza tu. Tulimzika Alhamisi. Tulikungoja mpaka saa kumi alasiri. Baba alisema tusimfunike kwanza, basi la kutoka Mbeya lipite. Likapita. Hukuwamo.

Unastahili kujua alivyoondoka, kwa kuwa wewe ni ndugu yake. Jumanne alikubali vijiko viwili vya uji, nikafurahi kama mjinga. Akaniuliza, "Damari, unafikiri alilisikia?"

"Nani, Mama?"

"Danieli. Lile neno. Au lilimpiga tu, bila kusikia?"

Nikamwambia hakulisikia, halikuwa neno la kuua, lilikuwa neno la mama aliyechoka. Akanishika kidevu kama nilipokuwa mtoto. "Wewe ni mwalimu," akasema. "Umeihesabu mwenyewe, ukapata moja."

Kweli nilikuwa nimeihesabu mwenyewe.

Mchungaji mpya hakutaka kumzika kwa ibada nzima, kwa kuwa hakuwa ameshiriki Meza tangu mwaka uanze. Wale wanawake wa siku ile ndio waliosimama wakaimba bila kungoja ruhusa yake.

Sikulaumu kwa kutokuja. Nauliza lile lile nililouliza Machi. Sasa hakuna wa kumficha.

Damari


Mbeya, 18 Julai 1954

Damari,

Sina salamu. Nimejaribu kuziandika, nimechana karatasi mbili.

Kanuni ina kipande kingine.

Aprili nilikuwa Chimala. Nilitumwa kupeleka bahasha moja na kurudi, ndiyo shughuli kubwa ya Serikali niliyokuandikia. Basi likachelewa, nikaingia hoteli ya chai. Ukuta wake wamebandika makaratasi kwa uji wa unga ili upepo usipite, na moja lilikuwa kalenda ya 1952, ya duka fulani, yenye picha ya baiskeli. Nilikaa chini yake na kikombe changu. Sikutaka kutazama, nikatazama. Januari 26 ilikuwa chini ya Jumamosi.

Nikamwita mwenye hoteli. "Kalenda yako hii mbovu." Akacheka, "Mzee, hiyo ni ya kuzuia baridi, unataka nini tena?" Nikatoa penseli nikaijaribu kanuni yangu pale ukutani, mwezi kwa mwezi. Machi ilikubali. Aprili ikakubali, mpaka Desemba. Januari na Februari tu ndizo zilizogoma, kila tarehe imesogea siku moja.

Niliporudi Mbeya nilikwenda kwa Mwalimu Sedekia, yule mzee wa kijiji cha pili. Huyo ndiye aliyenifundisha kanuni. Kapteni wa Burma hayuko, wala jenerali. Burma kwenyewe nilikuwa mpishi, na siku nilizijua kwa maharage, maana yalikuwa na siku zake za kupikwa. Sedekia alinisikiliza akasema, "Mwaka unaogawanyika kwa nne una siku ya nyongeza mwishoni mwa Februari. Ile robo unayoongeza tayari ina siku hiyo ndani yake. Kwa hiyo tarehe ikiwa Januari au Februari ya mwaka kama huo, unatoa moja, maana siku yenyewe haijafika. Nilikuwa nataka kukwambia siku ile ile. Lakini ulipopata Jumanne yako ya kwanza uliruka ukatoka mbio kwenda kuwaonyesha watu sokoni. Nilikuita, Asukile. Nilikuita mpaka nikachoka."

Tisini na mbili, toa moja, tisini na moja. Saba zinaisha zote. Haibaki kitu. Danieli alikufa Jumamosi.

Nilijua hayo tarehe ishirini na mbili Aprili. Mama yako alikuwa hai miezi miwili kamili baada ya hapo. Niliiandika barua jioni ile ile, nusu ukurasa, nikaitia mfukoni. Asubuhi nikaenda posta. Mlangoni nikamkuta karani wa mahakama na watu wawili, akawaambia, "Huyu ndiye Bwana Siku, mjaribuni." Wakanijaribu. Nikawajibu, wakapiga makofi. Barua iko kifuani. Nikarudi nayo nyumbani. Nilikwenda tena mara ya pili na ya tatu, na kila mara nilijiambia jambo kama hili halifai karatasi, nitakwenda mwenyewe Iringa nikamwambie Marta kwa mdomo, nilifanye la kuchekesha, anicheke, anipige kofi kama zamani, ale. Nikawa nangoja nipate mzaha wa kuliingizia.

Ndipo nikakuandikia ile ya mchele.

Siku ya simu nilipanda basi. Nilifika Igawa. Nikawaza nitamwambia nani sasa, na nikifika baba yako atanitazama. Nilishuka. Niliketi juu ya mzigo wangu pembeni mwa barabara mpaka lori la kurudi Mbeya likapita. Haya ndiyo yaliyotokea, mto haukufurika wala gurudumu halikupasuka, ingawa hapa Mbeya nimewaambia vyote viwili.

Barua ya Aprili nimeiweka ndani ya hii. Imechakaa kwenye mikunjo, lakini utaona tarehe. Sikuombi unisamehe. Msomee baba yako. Kisha, kama utakubali, wapelekee wale wanawake walioimba, wajue mwenzao hakumuua mtu. Pale nje ya kanisa lisomwe jina langu lote, usifupishe.

Esta hasemi nami. Anapika, ananipakulia, anatoka nje.

Liko jingine dogo, Damari, nalo ni aibu tu, halina kazi, lakini nimeona niseme yote. Mwaka ule wa 1952 nilikuwa hapa hapa ofisini. Februari ilipofika mwisho niliona kwenye kalenda ya ukutani kuna tarehe ishirini na tisa. Mimi nilijua Februari ina ishirini na nane, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa darasa la pili, na la tatu sikufika. Nikasema mchapaji alikuwa amelewa. Nikachukua penseli ya bluu nikaifuta ile siku mbele ya makarani wote, nikawaambia bila mimi mngekuja kazini siku isiyokuwapo. Walicheka mpaka wakashika meza. Nami nilicheka pamoja nao kwa nguvu kuliko wote, nikidhani tunamcheka mchapaji.

Asukile